Kipande Namba Kumi na Moja

Riverside, Buffalo
Jumapili, 19 Aprili 2015

Mdogo wangu Telesphory,

Natumaini Columbus imewapokea vizuri na kwamba mkeo Eliakunda ameanza kuizoea nyumba mpya. Sisi huku theluji imetuachia wiki iliyopita tu. Asubuhi bado naona vipande vya barafu vikishuka mtoni nikiwa nasubiri basi la kwenda kwa wazee ninaowauguza.

Nakuandikia barua, siweki kwenye grupu la WhatsApp la bodi, maana kule wanasoma wote saba na hili ni la mwenyekiti na katibu wake. Wewe ni katibu wetu bado hadi mkutano wa Juni, hata kama umehama.

Jumapili iliyopita tulikutana katika ukumbi wa kanisa, West Side. Walikuja karibu familia zote ishirini na mbili. Nilianza kwa kuwakumbusha wageni jinsi Amana yetu ya Ardhi inavyokwenda: kwamba zile ekari kumi na tisa kule mashambani si mali ya mtu, ni za Amana, familia inapewa kipande, inalima, inakula, haiuzi, na kipande kikiachwa msimu mzima bila kuguswa, bodi ina haki ya kukigawa upya. Halafu nikasoma ripoti yako ya kipande namba kumi na moja, neno kwa neno. "Nilitembea kipande chote kutoka juu hadi kijitoni. Hakuna dalili ya kulimwa. Mwenye kipande aliarifiwa na hakufika."

Hapo Mama Aksanti akasimama. Unamkumbuka, Gracieuse, yule mjane wa Bukavu ambaye huwa haongei mikutanoni. Akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Huyu muntu hakukuya," yaani hakuja.

Nikamwuliza, "Nani, Mama?"

"Katibu. Hakukuya ku shamba. Mi nilikuwa pale."

Nilimkatiza. Nilimwambia mbele ya wote, "Mama, tusimsingizie mtu ambaye hayupo kujitetea. Tena mtu aliyesoma, anayefanya kazi hii bila kulipwa kama sisi sote." Wawili watatu wakacheka. Akakaa. Tukapiga kura, kipande kikaenda kwa Kamanzi, ambaye ana watoto watano na amesubiri miaka miwili.

Naomba uniandikie mistari michache ya kuweka kwenye faili: siku uliyokwenda, ulichoona. Sina shaka nawe. Ila jana nilimkuta Mama Aksanti kituo cha basi, nikamsalimu, akaangalia upande wa pili kama vile aliyeongea ni gari.

Ndimi dada yako,
Adelina


Columbus
Jumatatu, 27 Aprili 2015

Dada Adelina,

Shikamoo, na asante kwa kunitetea nikiwa mbali. Nimeguswa.

Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 21 Machi, nikafika saa nne asubuhi. Siku tatu kabla nilimpigia simu Mama Gracieuse mwenyewe, nikamtajia siku na saa. Nilikitembea kipande toka mwanzo hadi mwisho, na viatu vyangu vilivyoharibika kwa tope ni mashahidi. Nyasi kavu tupu, Dada. Hakuna tuta, hakuna mche, hakuna alama ya jembe. Nilisubiri muda wa kutosha, mwenyewe hakutokea.

Huenda Mama amechanganya siku. Ni mtu mzima, na amepita mengi. Naona uchungu kidogo kuitwa mwongo baada ya miaka mitatu ya kujitolea, lakini simlaumu, na ningeomba nanyi msimlaumu. Kamanzi ni kijana wa kazi. Naamini bodi imefanya jambo la haki.

Kazi ya maabara hapa ni nyingi ila nzuri. Eliakunda anakusalimu.

Wako katika utumishi,
Telesphory


Riverside, Buffalo
Jumapili, 10 Mei 2015

Telesphory,

Nimeianza barua hii mara tatu.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikwenda shambani kumfungulia Kamanzi kipande chake. Yule mzee wa Kimarekani, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikubali kuleta trekta lake. Akalima safari ya kwanza, akalima ya pili, akarudi, akaingia ya tatu. Katikati akazima. Akashuka taratibu, maana ana magoti mabovu, akachutama, akaokota kitu, akanijia nacho kiganjani. Kilikuwa kitunguu saumu, kichanga, kimeshatoa jani la kijani urefu wa kidole.

Akauliza nani ametuambia tulime hapa.

Nikamwambia ni bodi. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kitunguu saumu huku kinapandwa Oktoba. Unakifunika kwa nyasi kavu kisiuawe na baridi, kinalala chini ya theluji miezi yote ile, na Aprili kinaamka chenyewe. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha Gracieuse, ila hakujua kipande chake ni kipi. Alimpa mbegu za kwanza na akamwazima toroli la kubebea nyasi. Ilikuwa mistari kumi na minne. Trekta lilikuwa limeshageuza sita.

Kamanzi alivua kofia, akakaa ukingoni. Mkewe alikuwa amekuja na chakula cha kusherehekea, hakukifungua. Baadaye Kamanzi akaniambia, "Dada, mimi hapa silimi. Huyu mama hakuacha shamba. Tumemtoa."

Nilikwenda nyumbani kwa Gracieuse siku hiyohiyo, karibu na Grant Street. Alinifungulia jirani yake Adolphine. Akasema Mama Aksanti ameondoka Jumatano kwenda Louisville kwa binti yake, na mabegi mawili. Nikauliza kama alisema atarudi. Adolphine akanitazama, akajibu, "Alisema hawezi kuendelea kuomba kanisa moja na watu wanaomwona mwongo."

Nilikaa pale nje ndani ya gari la kuazima nisijue niende wapi.

Sasa nisikilize. Zile nyasi nimeziona kwa macho yangu kwenye mistari iliyobaki. Zimetandazwa kwa mkono na zimebanwa kwa mawe ili upepo usizichukue, jiwe baada ya jiwe, kutoka juu hadi kijitoni. Kutoka kando ya barabara, tuliposimama sisi, hayaonekani, lakini mtu hawezi kutembea pale asiyaone. Angejikwaa.

Nina swali moja. Ulishuka kwenye gari?

Adelina


Columbus
Jumatatu, 18 Mei 2015

Dada Adelina,

Sikushuka.

Nimekaa na barua yako siku nne nikitafuta namna ya kuliandika neno hilo likae vizuri, nimeona halina namna.

Ilikuwa Jumamosi ile kweli, na ilikuwa saa nne kweli. Theluji ilikuwa inayeyuka, njia ya kuingilia imekuwa tope. Tulikuwa tunaelekea ubatizo East Side, mtoto wa rafiki yetu, tulitakiwa kanisani saa sita. Nilikuwa nimevaa suti na viatu vipya. Nilisimamisha gari barabarani, injini inaunguruma, nikatazama kupitia kioo. Niliona nyasi kavu. Nikajiambia hilo linatosha. Dakika kumi, labda hazikufika. Kesho yake baada ya misa nikaandika ripoti. Niliandika "nilitembea" kwa sababu ripoti zote huandikwa hivyo.

Siku zile nilikuwa na Columbus kichwani. Nilitaka kumaliza viporo vyote nisiache deni la kazi nyuma yangu. Nilifikiri hicho ni kipande cha mtu mmoja kati ya ishirini na wawili, na kwamba kama nimekosea atasema, na mtasikiliza. Kumbe alisema. Halafu ikaja barua yako ya kwanza, na pale uliposema "mtu aliyesoma" nilitakiwa niweke kalamu chini na nikupigie simu. Badala yake nikakuandikia habari za viatu vyenye tope. Viatu vile ni visafi hadi leo, vipo kabatini.

Nilisema Mama amechanganya siku. Nilisema ni mtu mzima. Mama yangu Karagwe ana umri kama wake, na mtu akisema hivyo juu yake sijui ningemfanya nini.

Eliakunda ameisoma barua yako. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Utaandika yote?" Nimemwambia ndiyo.

Sijui niombe nini kwako. Niambie la kufanya.

Telesphory


Riverside, Buffalo
Jumatatu, 25 Mei 2015

Telesphory,

Nimeisoma nikiwa kazini, katika chumba cha kubadilishia nguo, na mwenzangu akaniuliza nani amefariki.

Nimekukasirikia kiasi kwamba nimeisubirisha barua hii siku tatu nisije nikakuandikia maneno ya kukutukana. Ripoti yako ilisema hakufika. Ungejuaje kama hakufika, wewe uliyekuwa barabarani? Usinijibu mimi hilo.

Nina langu pia, nitaliandika hapa kabla sijapoteza ujasiri. Kamanzi anaimba katika kwaya yangu. Mimi ni mama wa ubatizo wa mtoto wake wa tatu. Miaka miwili nimekuwa nikitafuta kipande cha kumpa, na ripoti yako ilipofika niliipokea kwa mikono miwili. Sikuuliza kitu. Yule mzee wa Kimarekani anaishi hatua mia mbili kutoka pale. Simu moja kwake ingetosha. Nilikuwa mwalimu Bukoba miaka kumi na tisa. Mtoto wa darasa la pili akiniambia "mwalimu fulani hakuja" nilikuwa nafungua daftari la mahudhurio nithibitishe. Mama mzima kasimama mbele yangu kasema mtu hakuja, na mimi nikamkalisha kama mtoto. Watu walicheka kwa sababu maneno yangu yaliwaruhusu kucheka.

Nilipokuwa nasoma ripoti yako mkutanoni, unajua nilijisikiaje? Nilijivunia. Nilijivunia kwamba sisi pia tuna bodi, tuna katibu, tuna karatasi zilizopigwa chapa.

Bodi imekutana bila wewe. Tunataka kumrudishia kipande, lakini kura ilipigwa na familia zote, kwa hiyo ni familia zote zitakazoitengua. Mkutano ni Jumapili tarehe 28 Juni. Utakuja mwenyewe.

Kabla ya hapo mwandikie. Anwani ya Louisville nimeipata kwa Adolphine, nimeiweka nyuma ya bahasha. Usimpigie simu. Kwenye simu utaongea wewe.

Adelina


Columbus
Jumapili, 31 Mei 2015

Mheshimiwa Mama Gracieuse,

Natumaini barua hii itakukuta salama huko Louisville pamoja na familia ya binti yako.

Nakuandikia kama katibu wa bodi kuhusu ripoti ya ukaguzi wa kipande namba kumi na moja. Ni wajibu wangu kukujulisha kwamba ripoti ile ilikuwa na upungufu. Kutokana na hali ya njia siku ile sikuweza kuingia shambani, na nilitegemea nilichoona nikiwa barabarani. Sikujua kwamba wewe ulikuwa ndani ya eneo. Kama ningejua, mambo yangekwenda vingine.

Naomba radhi kwa dhati kwa usumbufu wowote uliokupata. Bodi inafanya taratibu za kulirekebisha jambo hili katika mkutano wa tarehe 28 Juni, na mimi binafsi nitahudhuria. Ukipenda kutoa maoni yoyote, nitayafikisha.

Nakutakia afya njema.

Wako mtiifu,
Telesphory Rutakyamirwa
Katibu wa Bodi


Louisville
Tarehe 12 mwezi wa sita, 2015

Bwana Telesphory,

Binti yangu Aksanti njo anaandika, mi ninasema. Nilimukataza asitengeneze maneno yangu. Aandike vile ninasema.

Barua yako tuliisoma mara mbili. Ya kwanza Aksanti alisoma, ya pili nikamuambia asome polepole. Ni barua ya ofisi. Bon. Unasema haukujua kama niko pale. Ngoja nikukumbushe.

Ile siku ya samedi nilifika saa mbili ya asubui, jirani mumoja alinipeleka na gari yake, akanishusha, akaenda kazi. Nilileta chai ndani ya thermos na vikombe viwili. Nilifagia kale kanyumba ka majembe ili upate fasi ya kukaa. Nilitoa nyasi pa mustari mumoja ili nikuonyeshe vile vitunguu saumu vilianza kutoka, kidogo kidogo, kama meno ya mutoto. Nilifurahi. Nilisema katibu ni muntu wa masomo, ataandika ile kitu kwa karatasi, na batu batajua kama hata mu barafu ya Buffalo muntu anaweza kulima.

Gari yako ilikuya. Ya bleu. Nilitoka mu kanyumba, niko na koti nyekundu ile ya kanisa, hakuna muntu hawezi kuiona. Nilitembea kuelekea barabara. Nilikupungia mukono. Nikaona haunioni, nikapunga na mikono yote mbili. Nilifika karibu, pengine hatua makumi tatu. Ulinitazama. Bibi yako alinitazama, akainua mukono wake, akanijibu. Nilimuona vizuri, alikuwa na kitambaa ya jaune. Na wewe uliangalia mbele, gari ikaenda.

Nilibakia na mukono juu.

Unajua nilifanya nini? Nilingoja. Nilisema pengine amesahau kitu, atarudia. Nilingoja paka saa munane. Chai ilipoa, nikaimwanga.

Donc ile siku ya mukutano, wakati Adelina alisoma kama mi sikufika, nilisimama. Nilisema "hakukuya." Sikusema "aliniona." Sikusema "bibi yake alinijibu." Nilikuwa naweza. Nilikuona wewe ni baba ya jamaa, unaheshimiwa, unatoka kuhama, nikasema hapana, nisimuvue nguo mbele ya batu. Nilikufichia haya yako. Na batu bakanicheka mi.

Ku Bukavu nilikimbia nyumba yangu nikiwa na watoto watatu. Ku kambi nilikaa miaka kumi na moja. Fasi zote ile, balininyanganya vitu mingi, lakini hakuna muntu aliniita muongo. Nilikuya kuitwa muongo mu Amerika, mu kanisa, na batu ya luga yangu.

Shamba, leo siisemi. Minataka kitu moja. Ile 28, usome mbele ya batu bale bale. Usisome barua yako. Soma hii. Na ile ya mukono uisome pia.

Mi mwenyewe,
Gracieuse, Mama Aksanti


Columbus
Jumanne, 30 Juni 2015

Mama Aksanti,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatano ya tarehe 17, mchana, Eliakunda ndiye aliyeipokea. Nilipotoka kazini nilimkuta mezani nayo, haijafunguliwa. Nikaisoma kwa sauti kwa sababu aliniomba. Nilipofika kwenye kitambaa cha njano alilia. Akasema, "Nilikuambia huyo mama anatuita. Ukasema anapunga mtu mwingine." Ni kweli nilisema hivyo. Barabara ilikuwa tupu, Mama. Hapakuwa na mtu mwingine wa kupungiwa.

Nilikuona. Nimemficha Dada Adelina, nikakuficha hata wewe mwenyewe katika barua niliyokuandikia, kana kwamba ungeweza kusahau. Nilijua ni wewe. Nilijua nikishuka utanizungusha shamba zima, utanieleza kila kitu, na nitachelewa, na viatu. Lakini kuna jambo baya zaidi, na nimelifikiria sana. Angekuwa amesimama pale daktari fulani, au mchungaji, ningeshuka. Nilikutazama nikaona mtu ambaye hata akilalamika, neno lake halitashinda langu. Nilihesabu hivyo, kwa haraka, mguu ukiwa kwenye mafuta. Na hesabu yangu ikatoka sawasawa.

Sasa nikueleze Jumapili.

Tuliendesha gari kwa muda wa saa tano, mimi na Eliakunda. Ukumbi ulijaa. Dada Adelina hakunitambulisha, alisema tu, "Katibu ana barua ya kusoma, si yake." Nilisoma yako yote, kwa Kiswahili chako, sikubadilisha kitu. Nilidhani nitaweza. Nilipofika pale uliposema ulibaki na mkono juu, ilibidi nirudie mstari ule mara mbili ndipo nikaupita. Hakuna aliyenisaidia. Mtoto mmoja aliuliza kitu kwa Kiingereza, mama yake akamziba mdomo. Nikaendelea hadi mwisho.

Mzee Polycarpe, wa kipande cha kwanza, akauliza, "Hii ni ripoti moja. Umeandika ngapi?"

Nikasema tatu.

"Na zile mbili?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwona Bibi Yudita safu ya nyuma ananitazama. Mwaka juzi aliomba ahamishwe kwa sababu kipande chake kinajaa maji, na mimi niliandika hakina maji. Nilipita pale Agosti, kiangazi, sikushuka pia. Amelima kwenye matope misimu miwili kwa sababu yangu. Nikasema hilo mbele yao. Bibi Yudita alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. Ya tatu nilitembea kweli, lakini nani ataniamini, na kwa nini aniamini?

Nikasema najiuzulu, nikashika koti. Mzee Polycarpe akasema, "Hapana. Kujiuzulu tumekubali. Kuondoka hatujakubali. Kaa mpaka mkutano uishe." Akavuta kiti akakiweka mbele, kimewaelekea watu. Nilikaa pale saa moja na nusu. Walijadili kisima, walijadili uzio, wakanitazama, wakajadili mbegu za maharage. Sijawahi kukaa mahali kwa muda mrefu namna ile.

Dada Adelina naye alisimama, akasema yale maneno aliyokuambia, "tusimsingizie mtu," aliyasema yeye na anayaondoa yeye. Aliwaomba wale waliocheka wasimame. Hawakusimama wote, lakini walisimama wanne.

Kura ilikuwa mikono yote. Kipande ni chako. Mistari minane iliyobaki Kamanzi anaipalilia kwa jina lako. Amekataa kuchukua hata jani.

Nakuomba unisamehe. Najua sina haki ya kuomba haraka hivi.

Telesphory


Louisville
Tarehe 19 mwezi wa saba, 2015

Telesphory,

Aksanti njo anaandika tena. Tumbo yake ni kubwa sasa, anaweka karatasi juu yake kama meza. Atazaa mwezi wa munane.

Adelina alinipigia simu siku ileile ya mukutano. Alilia kwanza, mi nikamungoja amalize. Akaniambia kila kitu. Kisha Adolphine akanipigia, kisha Kamanzi, kisha muntu mumoja sikumujua sauti, akasema yeye alicheka ile siku na hakusimama wakati walisema wasimame, na hajalala muzuri. Nikamuuliza jina, akakata simu. Bon. Namuombea alale.

Habari zako na za Adelina ni sawasawa, haukupunguza kitu. Hiyo nimeiona.

Mambo ya Yudita. Umesema mbele ya batu, ni vizuri, lakini kusema na kuandika si kitu moja. Andikia Yudita barua yake mwenyewe. Usimuandikie "Mheshimiwa." Na usimuombe akusamehe katika barua ya kwanza.

Ile ya "muntu ambaye neno lake halitashinda." Aksanti aliacha kusoma pale, akasirika, akataka kupasua. Nilimwambia soma tena. Ni kweli, nilijua ile siku kama njo vile umenitazama. Sikuwa na maneno ya kuisema. Sasa umeisema wewe, na imekuwa mzigo yako, si yangu. Nilitembea kwa soko ile siku na mwili mwepesi, sikuelewa juu ya nini.

Polycarpe aliniuliza kama naweza kuingia mu bodi, fasi yako. Nilicheka sana. Nilimuambia, Papa, mi siandiki, hata hii barua ni binti yangu. Akasema kuandika tutapata muntu. Nikamuambia ngoja kwanza nimuogeshe mujukuu siku makumi ine, kisha nitakuya. Nitaanzia kwa Yudita, siku ya mvua, ili nione maji inasimama wapi. Kuandika sijui, lakini miguu niko nayo.

Sasa ile uliomba. Sijakusamehe. Nimejaribu mara mbili kanisani, haikutoka. Mi sitakudanganya kama imetoka. Lakini bibi yako alinijibu mukono, na hakukuwa na muntu alimulazimisha. Muambie nimemushukuru. Muambie nikiwa Buffalo, mukipita, agonge mulango, nitamupa chai.

Na wewe ukiwa naye, teremuka ku gari.

Gracieuse